Madoa ya Chini ya Kizingiti

Kabla ya kuweka kioo chini ya darubini, Bi Hesabu alikipangusa kwa kitambaa cha miwani, pande zote mbili, kisha akakiinua kwenye mwanga kukikagua. Sharti hilo alijiwekea mwenyewe. Zamani, alipokuwa mgeni kazini, chembe ya vumbi iliwahi kuhesabiwa pamoja na madoa ya mgonjwa, na tangu siku hiyo yeye na vumbi hawapikiki chungu kimoja. Chai aliiweka kushoto, mbali na nyaya. Mkoba aliuweka chini ya kiti, zipu imefungwa mpaka mwisho. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa kioo, na ng'ambo ya kioo korido ya hospitali, ambako watu walikaa kwenye mabenchi wakisubiri kuitwa. Yeye aliwapa mgongo, si kwa dharau, ila nyaya za kompyuta zilikuwa fupi na meza haikuweza kugeuzwa.

Jina la Bi Hesabu alipewa na wenzake, ingawa aliyehesabu hasa ni kompyuta. Kazi ilikwenda hivi. Kila kioo kilibeba kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe wa titi la mwanamke fulani, chembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Katika chumba cha jirani Mzee wa Rangi alikuwa amekwisha kukichovya kwenye vyombo vyake, na seli ambazo dawa mpya ingeweza kuzishika zilitoka na doa la kahawia. Nyingine zote zilibaki buluu. Bi Hesabu alipiga picha, akaifungua kwenye kompyuta, akachora mpaka kwa kipanya kuuzunguka uvimbe, mafuta na kingo zilizochanika akiziacha nje, kisha akabonyeza palipoandikwa Hesabu. Kompyuta ililivisha kila doa la kahawia pete ya manjano na kutoa jumla. Madoa yakifika kumi katika kila seli mia, mwanamke aliingizwa kwenye utafiti na kupewa dawa mpya. Yasipofika, alirudi nyumbani na vidonge vya kawaida. Dawa mpya ilikuwa inafanya kazi, hilo halikuwa na ubishi. Haikuuzwa popote, ilikuja kwa ajili ya utafiti tu, na ufunguo wa kabati lake alikuwa nao Mkuu wa maabara. Vioo havikuwa na majina. Vilikuwa na namba.

Sasa, doa liwe la kahawia kiasi gani ndipo lihesabiwe kuwa doa? Hapo ndipo penye kizingiti. Kilikuwa kijistari pembeni mwa skrini, kikisogezwa juu au chini kwa kipanya, na madoa yote yaliyopauka kuliko hapo kompyuta iliyapita kana kwamba hayapo. Kizingiti kiliwekwa wiki ile kompyuta ilipoletwa. Maabara nzima ilisongamana nyuma ya kiti cha Bi Hesabu, huyu anasema pandisha, yule anasema shusha, mpaka pete za manjano zikakaa sawasawa juu ya madoa na watu wakapiga makofi. Mkuu akakifunga kwa neno la siri, asije mtu akakichezea. Wiki hiyo chupa ya rangi ilikuwa mpya. Baadaye chupa zikaanza kuchelewa, na Mzee wa Rangi, ambaye hakupenda kumrudisha mtu, akawa anairefusha rangi kwa maji jinsi mama mwenye wageni wengi anavyorefusha mchuzi. Kahawia ikawa chai yenye maziwa mengi. Kizingiti kikabaki pale pale. Kila mtu alijua, jinsi watu wa nyumba moja wanavyojua paa lao linavuja wapi, na kila mmoja akaendelea na kazi yake.

Madoa yalianza kumfuata Bi Hesabu nyumbani majira ya baridi. Mwanzo aliyaona kwenye mikono ya sweta, akadhani ni chai. Yakafuata kwenye nywele, kisha kwenye mto wa kulalia. Mwisho yakachagua ukuta wa sebuleni, ule unaotazamana na dirisha, kwa kuwa ndio uliokuwa mweupe kuliko zote. Mumewe alikuwa fundi rangi, na ukuta huo alikuwa ameupaka mwenyewe akiwa na nafasi, bila mwenye nyumba wa kumharakisha.

"Hiki nini?" mumewe aliuliza, kidole ukutani.

"Madoa ya kazini."

"Ya kazini yanafanya nini kwangu?"

"Hayakuhesabiwa. Yamepauka. Nadhani hayakuwa na pa kwenda."

Mumewe akafikiri kidogo. "Basi yangevua viatu mlangoni," akasema, akaenda kutafuta msasa.

Alikwangua, akapaka rangi mara mbili. Kesho yake madoa yalikuwa yamepenya, yamekaa juu ya rangi mpya, safi. Akajaribu rangi ya mafuta. Akajaribu ile dawa nyeupe inayozuia moshi wa jikoni usitoke tena ukutani, ambayo kwa maisha yake yote ya ufundi haikuwahi kumwangusha. Yakapenya. Ikabidi akubali yaishe. "Ukuta umenishinda," alimwambia mkewe. "Ila hilo libaki humu humu ndani. Nina wateja."

Kazini Bi Hesabu alifungua tena picha za zamani na kuona kwamba pale madoa yaliyopauka yalipokuwa, sasa palikuwa na vitobo vyeupe. Akamwita Mzee wa Rangi aje aone. Mzee wa Rangi aliinama, akaangalia, akakuna kidevu.

"Yameondoka," akasema.

"Yako kwangu, ukutani."

"Afadhali. Hapa yangekaa kufanya nini?" Akarudi kwenye vyombo vyake.

Mwenye kuwafurahia wageni alikuwa mama yake Bi Hesabu. Mama huyu alikuwa amefanya kazi ya ushonaji ujana wake wote, na sasa aliishi na binti na mkwewe, akikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha na kuwapindia majirani suruali na mapazia. Ndiye aliyegundua kwamba madoa hayakukaa ovyo. Ya mtu mmoja yalijikusanya pamoja, na kadiri wiki zilivyopita yakawa na umbo. Wengi walikuwa wanawake waliokaa, jinsi mtu anavyokaa korido akisubiri kuitwa. Mmoja alikuwa na mfuko mapajani. Mwingine alikuwa amesinzia, mdomo wazi. Mmoja tu alisimama, mrefu, mkono kiunoni, kidevu juu, mtu wa kuuliza maswali.

"Hamjambo humo," mama alikuwa akiwaambia kila asubuhi. Kisha akimgeukia mkwewe: "Fundi, wageni wako wamekaa hewani. Mtu anakaaje hewani kutwa nzima na mgongo wake?"

"Mama, mimi sikuwaalika."

"Wangengoja ualike wewe wangezeeka. Wachoree benchi."

Mkwewe alicheka, lakini mwisho wa juma alichanganya rangi ya mbao na kuwachorea benchi refu, lenye miguu, na kivuli cha kila mguu sakafuni. Hakufanya kazi ya kulipua. Alipomaliza alirudi nyuma, akafumba jicho moja, akaridhika. Bi Hesabu aliona kwamba mwisho wa benchi, upande wa kulia, kulikuwa na nafasi tupu.

"Hapo mbona umezidisha?"

"Wanaongezeka," mumewe alisema.

Haya. Jumamosi moja Bi Hesabu alikuwa akipitisha kitambaa kikavu ukutani, taratibu, maana alikwisha kuzoea kuwapangusa vumbi bila kuwasumbua. Kwenye ile nafasi ya mwisho wa benchi mama yake alikuwa ametundika mtandio kwenye msumari, siku kadhaa sasa. Akauondoa apanguse. Nyuma ya mtandio kulikuwa na mgeni mpya. Alikuwa mwanamke aliyeinama kidogo, bega la kulia chini kuliko la kushoto, mkono mmoja umeinuliwa mbele ya macho, vidole viwili vimebana kitu, midomo imejikunja. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.

Bi Hesabu alisimama na kitambaa mkononi. Bega hilo alikuwa amelala juu yake utoto wake wote.

"Mama."

"Ee."

"Huyu ni nani?"

Mama alimaliza pindo, akakata uzi kwa meno. "Si unamwona?"

"Ulikwenda lini?"

"Ile wiki niliyosema nakwenda kwa shangazi yako. Nilikwenda kweli, ila nilipitia pale kwenu kwanza."

"Mama, una uvimbe tangu lini?"

"Tangu kabla ya benchi."

"Na hukuniambia."

"Nilikuja nikwambie." Mama alishusha nguo mapajani. "Nikakaa pale korido, nikakuona mgongo kwenye kioo. Umeinama, unafanya kazi. Nikasema, mwache mtoto wa watu, ana wagonjwa wake. Wakaniita, nikaingia, wakanichoma sindano yao, wakachukua kipande chao, nikatoka. Bado umeinama. Niliporudi kuchukua majibu wakaniambia rangi haikutosha, dawa mpya hainifai, nichukue hivi vidonge. Nikashukuru."

"Ulishukuru?"

"Ningesemaje? Walikuwa na adabu."

Bi Hesabu alikaa chini sakafuni, pale pale, akalia. Alilia kwa sauti, bila kujizuia, mpaka mumewe akatoka chumbani na povu la sabuni usoni. Kilichomkata maini si kwamba mama alificha. Akina mama huficha. Ni kwamba kioo kile kilipita mikononi mwake. Alikipangusa kwa kitambaa chake, pande zote mbili. Alikichorea mpaka. Inawezekana alikuwa anawaza chakula cha mchana. Na alipobonyeza Hesabu na jumla ikatoka ndogo, hakusikia chochote, hata kidogo, akafungua picha iliyofuata.

Jumatatu asubuhi alichukua brashi laini kuliko zote za mumewe na karatasi nyeupe. Mumewe alishika karatasi, yeye akapangusa madoa ya mama kutoka ukutani, kuanzia begani, moja baada ya jingine yakianguka bila kelele. Mama alikuwa kwenye kiti chake akinywa uji.

"Taratibu hapo ubavuni," akasema. "Natekenyeka."

Kazini alifungua picha zenye vitobo, moja moja, karatasi ikiwa mapajani. Kwa picha nyingi madoa hayakujali. Akafungua nyingine tena, na karatasi ikatetemeka. Hiyo ndiyo. Akakitafuta kioo cha namba ile kwenye sanduku, akakiweka chini ya darubini na kukimiminia madoa, na kila doa likaingia mahali pake bila kugombana, likalala. Akapiga picha upya. Akachora mpaka upya, kwa uangalifu ambao hajawahi kuchora nao mpaka wowote. Akabonyeza Hesabu.

Pete za manjano zikakaa juu ya madoa machache yaliyokolea, yale yale ya mara ya kwanza. Yaliyopauka yalikuwapo, yote, yanaonekana kwa macho, hata mtu aliyepita na ndoo ya kudekia angeyaona. Kompyuta ikayapita. Jumla ikatoka ile ile. Akashika kijistari cha kizingiti akikivuta chini, na kompyuta ikamuuliza neno la siri. Alijaribu jina la hospitali. Alijaribu jina la dawa, kisha jina la mke wa Mkuu. Mwisho akainuka akaenda ofisini kwa Mkuu.

Mkuu hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema. Alikuwa akisalimia mpaka wafagizi na kuwaulizia watoto wao, na kwenye mikutano alibeba kiti chake mwenyewe. Alimkaribisha Bi Hesabu, akafunga mlango.

"Mkuu, naomba ushushe kizingiti. Rangi imepauka."

"Najua imepauka."

"Unajua?"

"Kila mtu hapa anajua. Kaa basi." Alisubiri akae. "Tuna miaka miwili tunapima watu kwa kizingiti kimoja. Nikishusha leo, wa leo na wa jana hawatalinganishika. Watakaosoma watasema kazi yote ni takataka. Utafiti utafungwa, dawa haitaletwa tena, na hata hawa wanaoipata sasa wataikosa. Unanielewa? Siwezi kubadilisha kipimo katikati ya kupima. Wewe mwenyewe ndiyo kanuni ya kwanza unayowafundisha wageni kazini."

Ni kweli alikuwa akiwafundisha hivyo.

"Ni mama yangu," alisema.

Mkuu alivua miwani. "Pole sana," akasema, na ilimtoka moyoni. Macho yake yalikuwa yamelowa. Kisha akauliza kwa upole, bila nia ya kumkomoa: "Usingejua ni mama yako, ungekuja?"

Bi Hesabu alitazama mikono yake. Jibu lilikuwa hapana, na wote wawili walilijua, kwa hiyo hakuna aliyelitamka.

"Mwakani utafiti ukifungwa," Mkuu alisema, "tutaandika kwamba rangi ilififia. Itaingia kwenye ripoti, sehemu ya mapungufu. Nakuahidi."

Aliporudi nyumbani jioni ile alikuta madoa ya mama yamekwisha kufika kabla yake. Yalikuwa mahali pake mwisho wa benchi, bega chini, sindano juu. Sasa yaliijua njia.

"Wamekataa?" mama aliuliza.

"Wamekataa, mama."

"Basi nipe huo mkasi hapo nyuma yako."

Mkuu alisikia habari za ukuta kwa Mzee wa Rangi, akaomba kuuona. Alikuja Jumapili mchana, amechukua mkate, akavua viatu mlangoni, jambo ambalo fundi alilipenda. Alikagua ukuta jinsi anavyokagua kila kitu: alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa, akarudi nyuma, akasogea tena. Alikubali kwamba ni wao. Mpangilio, alisema, ulikuwa sahihi kabisa, na ukubwa wa madoa ndio wenyewe. Alimsifu fundi kwa benchi. Kisha akafika kwa yule mwanamke mrefu aliyesimama, mkono kiunoni, kidevu juu.

"Huyu ni dada yangu," alisema.

Mama alimsogezea kiti.

"Ndiye aliyenilea. Mama alipofariki yeye ndiye aliyenipeleka shule, ananishika mkono hivi, ananivuta." Alikaa. "Aliniambia amepimwa na ameambiwa hana neno. Mimi nikafurahi. Nikamnunulia viatu."

"Hakutaka kukusumbua," mama alisema. "Ulikuwa umeinama."

Bi Hesabu alimletea chai. Mkuu aliinywa yote, mpaka majani ya chini, bila kuondoa macho ukutani. Fundi, ambaye hakuwa mtu wa kuzungukazunguka, alimuuliza moja kwa moja: "Sasa kesho utashusha?"

Mkuu alimgeukia dada yake. "Nikikataa kushusha kwa ajili ya hawa wote," akasema, "halafu nikashusha kwa ajili ya dada yangu, nitakuwa mtu wa namna gani?"

Fundi alikuwa na jibu, tena jibu lililokamilika, lakini mtu alikuwa mgeni na alikuwa analia, kwa hiyo akalimeza. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni Mkuu aliuliza kama ataruhusiwa kuja tena Jumapili. Mama akamwambia nyumba ni yake. Bi Hesabu alimtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamkasirikia kwa wema wake.

Mkuu alikuja kila Jumapili na mkate wake. Alikaa mbele ya dada yake, akamweleza habari za wiki, na wakati mwingine akamwomba radhi. Dada mwenyewe alikuwa bado hai, mtaa wa pili tu kutoka kwa Mkuu, anapika, anafua, anakonda. Kwake alikuwa akienda Jumamosi, lakini huko, alisema, hakujua aanzie wapi. Jumatatu kizingiti kilikuwa pale pale. Bi Hesabu aliendelea kupangusa vioo na kuchora mipaka. Aliwaza kuacha kazi, akawaza sana, ila akaogopa kwamba atakayekaa kwenye kile kiti baada yake angeishi mbali, au kwenye nyumba yenye kuta za giza, na madoa yakakosa pa kwenda.

Mama alianza kupungua. Vidonge vya kawaida vilifanya kazi ya kawaida. Gauni lake la buluu alilibana kiunoni mwenyewe, akalibana tena, mpaka mshono ukafika mahali hapana kitambaa cha kushona. Bi Hesabu alikuwa akimwosha na kuhisi kila ubavu. Yule wa ukutani hakupungua. Ikafika wakati wa ukutani ndiye mnene kati yao wawili, na mama akawa anamtania: "Mwangalie huyo, anakula chakula changu."

"Mama, nisamehe," Bi Hesabu alimwambia mchana mmoja. Alikuwa amelisema kimoyomoyo mara nyingi, na sasa lilimtoka likiwa na kwikwi.

"Nikusamehe nini? Ulifanya kazi yako."

"Ndiyo hilo ninaloombea msamaha."

Mama alimfuta uso kwa kiganja, kiganja kikavu chenye sugu la mkasi. "Siku ile korido," akasema, "kuna kitu kimoja nilikitaka. Nilitaka ugeuke. Si kwa ajili ya dawa, dawa niliijulia wapi? Nilitaka tu ugeuke unione nimevaa lile gauni la buluu." Kisha akaomba sindano yake, kwani pazia la jirani lilikuwa bado.

Alifariki akiwa kwenye kiti karibu na dirisha, alasiri, pazia mapajani, uzi umekwisha kuingia sindanoni. Bi Hesabu alimkuta hivyo aliporudi kutoka kazini. Alipiga magoti, akalaza kichwa kwenye lile bega la chini, akakaa hapo mpaka chumba kikawa giza na mumewe akaja kumwinua. Ukutani mwanamke wa mwisho wa benchi alikuwa bado anatunga uzi, midomo imejikunja. Hakuwa amejua kwamba kazi imekwisha.

Baada ya mazishi fundi alipaka sebule yote rangi mpya, isipokuwa ukuta ule. Pale kuta zilipokutana alibandika utepe wa karatasi ili brashi isiwaguse wageni, na alipofika karibu na mama mkwe wake alitumia brashi ndogo kuliko zote, ile ya kupaka fremu za madirisha, akashusha pumzi polepole. Kisha akarefusha benchi mpaka kona, na kutoka kona akalipitisha kwenye ukuta wa pili. Mkewe akamsogezea kopo la rangi.

Utafiti ulifungwa mwaka uliofuata. Dawa ilisifiwa sana, na ilistahili. Mkuu alileta ripoti Jumapili, nzito, ina jalada la buluu, akafungua sehemu ya mapungufu na kuwasomea wageni kwa sauti, amesimama. Ilikuwa sentensi moja. Ilisema kwamba katika baadhi ya sampuli rangi ilionekana kufifia kidogo, jambo ambalo halikuathiri hitimisho. Aliisoma mara mbili. Hakuna mtu ukutani aliyegeuka. Dada yake alibaki na mkono kiunoni, kidevu juu. Dada mwenyewe walikuwa wamemzika majira ya mvua. Mkuu akafunga ripoti, akaomba chai.

"Na kompyuta?" Bi Hesabu aliuliza.

"Kuna utafiti wa pili, umepitishwa. Kizingiti kitabaki kile kile," alisema, bila kumtazama, "ili tuweze kulinganisha na wa kwanza."

"Na rangi?"

"Tumeagiza."

Jumatatu Bi Hesabu aliwahi kazini. Alivaa gauni la buluu la mama, alilolifumua mishono na kulipanua limtoshe. Chai aliiweka kushoto, mbali na nyaya. Kabla ya kukaa alisimama, akageukia kioo, akawatazama waliokuwa kwenye mabenchi ya korido, mmoja mmoja, mpaka wengine wakaona haya na kuinamisha macho. Mwanamke mmoja aliyeshika mfuko wa vyeti alimpungia mkono. Naye akampungia.

Kisha akakaa, akawapa mgongo, maana nyaya zilikuwa bado fupi. Akapangusa kioo cha kwanza, pande zote mbili. Akachora mpaka, akabonyeza Hesabu, na pete za manjano zikakaa juu ya machache. Mengine yalilala pale, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Bi Hesabu akainama, akafungua zipu ya mkoba mpaka mwisho, akauacha wazi chini ya kiti ili yasihangaike na safari ya nyumbani, akafungua picha ya pili.